Ukumbi mdogo wa sanaa Kigoma: maonyesho mangapi kwa mwaka, na yafuatane vipi?

Swali, kwa kifupi: Mwalimu wa sanaa wa Kigoma Mjini anaeleza kwamba kikundi chao kimepata ukumbi wa mita sita kwa tisa, wenye madirisha mawili makubwa yanayotazama ziwani upande wa magharibi na mlango mmoja upande wa mashariki. Wasanii walioomba nafasi ni wengi, na kamati inapendekeza maonyesho manane kwa mwaka ili kila mmoja apate zamu yake. Katika mwaka wao wa kwanza watu walijaa siku za uzinduzi, kisha chumba kikabaki kitupu hadi onyesho lililofuata, na michoro kadhaa ya karatasi ilirudi kwa wenyewe ikiwa imepauka na kujikunja. Anauliza msimu upangwe vipi, nini kitangulie nini, na kama kuna haja ya kubakiza sehemu ya kudumu.

Jibu:

Mwalimu, nakushukuru kwa kutaja vipimo vya chumba na upande yanakotazama madirisha, kwani bila hayo ushauri wowote ungekuwa wa kubahatisha. Nitaanza na idadi, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. Maonyesho manane ni mengi mno kwa ukumbi wenu, nami nawasihi mpunguze hadi manne.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwaka una wiki 52. Kila onyesho likikaa ukutani wiki 10 na kufuatiwa na wiki mbili za kushusha, kukagua, kukarabati kuta na kupandisha lijalo, maonyesho manne yanachukua wiki 48, na zinabaki wiki nne za kufunga ukumbi kwa matengenezo makubwa. Mkishikilia manane, kila moja linapata wiki sita na nusu. Ukitoa wiki mbili za mabadilisho, linaonekana kwa wiki nne na nusu tu. Katika mji kama Kigoma, ambako habari ya jambo jipya husafiri kwa midomo kutoka Mwanga hadi Gungu na kutoka Ujiji hadi Kibirizi, wiki nne ni muda ambao mtu wa tatu katika mnyororo ndiyo kwanza anasikia. Shule nayo inahitaji barua, ruhusa ya wazazi na nafasi kwenye ratiba, na hayo hayakamiliki ndani ya mwezi. Chumba chenu hakikubaki kitupu kwa sababu watu wa Kigoma hawapendi sanaa. Kilibaki kitupu kwa sababu onyesho lilishushwa kabla habari zake hazijafika.

Najua hoja ya kamati ni zamu za wasanii, na ni hoja ya haki. Lakini maonyesho manane ya msanii mmoja mmoja yanabeba wasanii wanane, ilhali manne yenye wasanii wanne wanne yanabeba 16. Chumba chenu kina mzunguko wa mita 30. Ukiondoa mlango, madirisha na pembe zisizofaa, zinabaki takribani mita 24 za ukuta. Kazi ya ukubwa wa kawaida, pamoja na nafasi inayohitaji pande zake ili ipumue, inakula kama mita moja na robo. Hivyo ukuta unapokea kazi 19 au 20 zikiwa zimebanana, na ningependa muishie 16, yaani nne kwa kila msanii. Nne zilizochaguliwa vizuri humtambulisha msanii kuliko kumi na mbili zilizochukuliwa zote kwa sababu ndizo alizokuwa nazo nyumbani. Na kuchagua ndiyo kazi ya kwanza ya msimamizi wa maonyesho, hata pale inapomlazimu kumwambia rafiki yake hapana.

Sasa niende kwenye kilichopausha michoro yenu, maana hapo ndipo mpangilio mzima wa mwaka unapotokea.

Mwanga huharibu kazi za sanaa kidogo kidogo, na madhara yake hujumlishwa: rangi iliyopauka hairudi hata kazi ikifungiwa gizani miaka mingi. Wahifadhi hupima mwanga kwa laksi, na hesabu yao ni laksi kuzidisha saa ambazo kazi imekaa wazi. Kwa karatasi, rangi za maji, nguo zilizotiwa rangi na picha za zamani, kiwango kinachokubalika ni laksi 50 hivi. Kwa rangi za mafuta au akriliki kwenye turubai au ubao, laksi 150 hadi 200. Mawe, vyungu na chuma huvumilia zaidi. Makumbusho mengi hulenga kutozidisha laksi-saa 150,000 kwa mwaka kwa kazi dhaifu. Jua kali la mchana linafikia laksi 100,000, kwa hiyo karatasi iliyopigwa na jua hilo kwa saa moja na nusu imemaliza mgao wake wa mwaka mzima. Hii ndiyo sababu hasa ya maonyesho kuzungushwa. Watu hudhani tunabadilisha ili kuleta upya, na ni kweli kwamba upya huvuta wageni, lakini hata kama hakuna mgeni aliyechoka, kazi ya karatasi inastahili kushuka na kupumzika.

Kigoma ina jambo lake la pekee katika hili. Mji uko magharibi kabisa mwa nchi lakini unatumia saa ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua la utosi hufika karibu saa saba mchana badala ya saa sita, na huzama karibu saa moja jioni. Madirisha yanayotazama ziwani hupokea jua kuanzia alasiri hadi linapozama nyuma ya milima ya Kongo, na kadiri linavyoshuka ndivyo miale inavyoingia chumbani ikiwa imelala, ikivuka sakafu yote na kugonga ukuta wa mashariki, ule wenye mlango. Mwezi Juni jua huzama kaskazini kidogo ya magharibi, hivyo miale huelekea pembe ya kusini ya ukuta huo. Desemba huzama upande wa kusini, na miale huhamia pembe ya kaskazini. Chukueni chaki, siku moja chumba kikiwa kitupu, mchore mpaka wa doa la jua ukutani kila baada ya nusu saa, kuanzia saa tisa mchana hadi linapotoweka. Fanyeni hivyo Desemba na tena Juni. Mtakuwa na ramani ya ukuta wenu ambayo hakuna mtaalamu kutoka mbali angeweza kuwachorea, nanyi mtajua ni wapi msitundike karatasi kamwe.

Kwa madirisha yenyewe, mapazia mawili ya kitambaa cha marekani, moja juu ya jingine, yanatosha kuanzia. Yafungwe saa nane mchana. Simu nyingi za kisasa zina programu ya kupima laksi. Si sahihi sana, lakini inaonyesha vizuri tofauti kati ya ukuta na ukuta.

Kujikunja kwa karatasi ni suala la unyevu. Mvua za msimu kwa Kigoma huanza karibu Novemba na kuishia Aprili au Mei, na katika miezi hiyo hewa ya chumba kisicho na kiyoyozi hujaa maji. Karatasi hufyonza maji hayo, hutanuka, na kwa kuwa imebanwa ndani ya fremu haina pa kwenda ila kujikunja. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa mfululizo, ukungu huanza kuota, hasa pale karatasi inapogusana na kioo. Kwa hiyo, kazi ya karatasi isilale juu ya kioo moja kwa moja. Iwekewe ukingo wa kadibodi wa kuitenga nacho. Na fremu isishikane na ukuta wa nje. Bandikeni vipande vidogo vya kizibo au raba nyuma ya pembe za chini, hewa ipite.

Ukiweka jua na mvua pamoja, mwaka unajipanga karibu wenyewe. Ningefunga ukumbi Oktoba yote, kabla mvua hazijashika, kwa ajili ya paa, mifereji, rangi ya kuta na madirisha. Onyesho la kwanza lifunguliwe mwanzoni mwa Novemba na kukaa hadi wiki ya pili ya Januari, na liwe la vitu visivyoogopa unyevu: vyungu, sanamu za udongo uliochomwa, na picha za rangi ya mafuta kwenye ubao. Ile njia aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, ya kuchora kwa rangi ya kung'aa juu ya vipande vya ubao laini, inastahimili hali ya hewa yetu kuliko turubai nyingi, ilimradi kingo za ubao zipakwe rangi pia ili zisifyonze maji na kuvimba. Chuma kitupu msikilete miezi hiyo bila kukipaka nta.

Onyesho la pili, kuanzia wiki ya mwisho ya Januari hadi mwanzoni mwa Aprili, linakutana na wanafunzi waliorudi shuleni mvua zikiwa bado zinaendelea. Hapo ningeweka nakala za picha za kihistoria, kwa sababu nakala ikipata madhara inachapishwa upya, na ile halisi inabaki salama ilikohifadhiwa. Mada mnayo mlangoni. Meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande na kuletwa kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ikaundwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 ili adui asiitumie. Ikaibuliwa mwaka 1924, na kurudi kazini mwaka 1927 ikiitwa Liemba. Hadithi hiyo wanafunzi wa Kigoma wanaijua kwa masikio. Kuiona ikiwa imepangwa ukutani kwa mfuatano, pamoja na michoro ya wasanii wa leo wanaoitazama meli ileile, ni jambo jingine. Ombeni ruhusa ya maandishi kwa anayemiliki kila picha kabla ya kuichapisha, hata kama mmeikuta wazi mtandaoni.

La tatu, katikati ya Aprili hadi wiki ya mwisho ya Juni, liwe la uchoraji wa turubai na uchongaji wa mbao. La nne, kuanzia karibu Julai 10 hadi katikati ya Septemba, ndilo la kazi dhaifu kuliko zote: michoro ya karatasi, batiki, vitambaa vilivyotariziwa, vikapu vya rangi za mimea. Hewa ni kavu, wageni waendao Gombe ni wengi zaidi, na hofu yenu inabaki moja tu, jua la jioni, ambalo ramani ya chaki imekwisha kuwaonyesha.

Kuhusu siku ya kufungua, nina ushauri ambao mji mwingine haungenufaika nao. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu hupumzika kwa siku kadhaa kwa sababu mwanga wa taa haushindani na mbalamwezi. Siku hizo wavuvi wako nchi kavu, na waanikaji wa dagaa wa Kibirizi na Katonga wana nafasi pia. Fungueni onyesho wakati wa mbalamwezi. Mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 na nusu, kwa hiyo katika wiki 10 utatokea mara mbili kwa uchache. Wa kwanza uwe wa uzinduzi. Wa pili uwe wa msanii mwenyewe kukaa ukumbini na kueleza kazi yake, au fundi kufinyanga chungu mbele ya watu. Hapo ndipo mtaziba lile pengo la chumba kitupu. Watu huja siku ya uzinduzi kwa sababu kuna tukio, basi wapeni tukio la pili katikati. Saa kumi na moja jioni inafaa, kwa kuwa mwanga bado upo na kazi za siku zimekwisha. Ramadhani msifungue saa hiyo, maana Ujiji nzima itakuwa inajiandaa kufuturu. Pelekeni tukio baada ya Idi.

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho kikitangazwa, jueni kwamba kaya nyingi hazina kipato. Msitoze kiingilio, na fikirieni warsha za bure kwa vijana waliobaki pwani bila kazi.

Wiki mbili za mabadilisho zinastahili kuelezwa kwa undani, kwa sababu ndizo kamati nyingi huzinyima muda. Siku ya kushusha, kila kazi ilazwe mezani juu ya blanketi safi, chumba kikiwa na giza kiasi, na mtu mmoja aimulike kwa tochi kutoka ubavuni, mwanga ukipita juu ya uso wa picha. Mwanga wa mbele huficha. Wa ubavuni huonyesha kila kilichoinuka: rangi iliyoanza kubanduka kwa magamba madogo, turubai iliyolegea kwenye pembe, alama ya kidole cha mtoto. Mtu wa pili aandike kwenye karatasi ileile iliyojazwa siku kazi ilipopokelewa. Karatasi hiyo ya hali ya kazi iwe na picha ya mbele na ya nyuma, vipimo, na saini mbili, ya msanii na ya mpokeaji. Bila hiyo, mkwaruzo wowote utakaoonekana baadaye utakuwa ugomvi.

Vitu vya mbao, vibuyu na vikapu viangaliwe wadudu. Ukikuta chini ya kinyago kirundo kidogo cha unga laini na tundu la duara juu yake, bungua yumo ndani na anakula. Dumuzi naye, ambaye aliingia nchini miaka ya 1970 na kuwatesa kwanza wakulima wa mahindi wa Tabora, hutoboa hata mbao kavu. Msipulizie dawa ya kuulia wadudu juu ya kazi ya sanaa, kwani huacha madoa na hudhuru wanaoishika. Kifungeni kitu ndani ya mfuko wa plastiki mzito, toeni hewa, fungeni kwa gundi ya utepe, kisha mkiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka kikae siku nzima ndani ya mfuko uleule, ili maji ya umande yatue juu ya plastiki na yasiguse kazi. Friza hiyo isiwe na migebuka ndani yake: harufu hupenya, na kuifunguafungua hupandisha joto. Njia hii haifai kwa picha za rangi za mafuta wala kwa kitu kilichounganishwa na kioo.

Wiki ya pili ni ya kuziba matundu ya misumari, kupaka rangi, na kupandisha. Rangi mpya ya ukuta ikae siku nne au tano kabla ya kutundika chochote, madirisha yakiwa wazi. Katikati ya kila picha pawe sentimita 150 kutoka sakafuni, isipokuwa katika onyesho la pili lenye wanafunzi, ambapo ningeshusha hadi 135. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa za kusomeka na mzee asiye na miwani, nayo yataje jina la msanii, anakotoka, mwaka na malighafi. Sentensi mbili zinatosha.

Juu ya makubaliano na wasanii nitasema machache. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi hata baada ya kuuza picha yake. Aliyenunua ana kitu, lakini haki ya kukinakili inabaki kwa mtunzi. Kwa hiyo, mkitaka kuchapisha mabango au kadi, liandikeni hilo kwenye mkataba na mtaje malipo yake. Sehemu ya ukumbi kwenye mauzo ijulikane mapema. Kwa ukumbi usio na kodi kubwa, robo ya bei naiona ni haki. Wasanii ambao hawajasajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa wasaidieni kufanya hivyo. Na kama mtapokea kazi za wasanii waliomo katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambao kutoka kambini kunahitaji kibali, jambo ambalo ningependa sana mlifanye, anzeni mazungumzo na uongozi wa kambi mapema kuliko kwa mtu mwingine yeyote, na majina yao yaandikwe kama ya wengine, bila kuwekwa kwenye ukuta wao wa peke yao.

Umeuliza kuhusu sehemu ya kudumu. Kwa chumba cha ukubwa huo, hapana, isipokuwa jambo moja. Katika kila onyesho nunueni au ombeni kazi moja ibaki mali ya ukumbi. Baada ya miaka mitatu mtakuwa na kazi 12, za kutosha kujaza sehemu kubwa ya onyesho zima, nazo zitawaokoa mwaka ambao msanii atajitoa dakika za mwisho. Zihifadhiwe zikiwa zimesimama wima, zimeinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje, na kutazamwa kila mwezi kwa ajili ya mchwa.

Mkiukubali mpangilio huu, barua kwa wasanii wa Novemba zitoke mwezi Mei, na kila barua itaje tarehe nne: ya kupokea kazi, ya kufungua, ya kufunga, na ya kurudisha. Ile ya mwisho ndiyo husahaulika, na ndiyo msanii atakayoikumbuka mtakapomwomba tena.